Anayebisha Ndani ya Tanuri

Nyie vijana wa siku hizi mnabonyeza kitufe, taa inawaka, kengele inalia, keki inatoka. Sisemi kwa wivu. Mgongo wangu huu ungekipenda sana hicho kitufe enzi zile. Lakini kila anayenifuata hapa Ilembo, Mpanda, na kuniuliza, "Mama Keki, siri ya kuoka ni nini?" namwambia siri haiko kwenye unga wala mayai. Iko kwenye jiko la watu. Ukiingia jiko ambalo si lako, ingia kama unavyoingia msibani: polepole, huku unatazama wenyeji wamekaaje.

Na onja. Kopo la mtu usiliamini kwa maandishi yake. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja wa hapa Mpanda, mtoto wake anapata kipaimara. Nikakuta kopo limeandikwa beking pauda, nikachota kwa furaha. Mle ndani mke wa mwalimu alikuwa anawekea magadi ya kulainishia maharage. Keki ilitoka ya njano kama mti wa mpapai uliougua, na harufu ya sabuni ya kufulia. Wageni waliila kwa adabu kubwa, kila mmoja anaomba maji. Tangu siku ile ulimi wangu unatangulia mikono.

Kazi hii nilifundishwa na Bibi Agripina, mama mmoja mfupi, mkali, aliyepika miaka mingi jikoni kwa masista kabla ya kurudi nyumbani na kufungua mgahawa wa mikate. Hakuwa na kipimo cha joto. Kipimo chake kilikuwa Salamu Maria. Unaingiza mkono mtupu ndani ya tanuri, unaanza kusali kwa mwendo wa kanisani. Mkono ukishindwa unapofika "umejaa neema," moto ni mkali, subiri. Ukifika "utuombee sisi wakosefu" hapo ni pa mikate. Keki inataka ufike "saa ya kufa kwetu" ndipo uutoe mkono. Ukisema Amina na bado umetulia, ongeza kuni. Mnacheka, lakini jaribuni. Mimi nimeoka kwa sala hiyo ujana wangu wote na sijawahi kuunguza keki kwa kukosea joto.

Bibi Agripina alinifundisha na jambo jingine, akilirudia kila tulipokuwa wawili jikoni: ukisikia unaitwa au unabishiwa hodi na humwoni anayebisha, nyamaza. Usiitikie. Huko kwetu wengi tumelelewa hivyo, na mimi nililishika kama amri ya kanisa. Sasa sikilizeni jinsi amri hiyo ilivyonifikisha pabaya.

Ilikuwa miaka ya tisini, tungali mkoa wa Rukwa, hii Katavi ikijulikana kama mbuga tu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Akaja kijana mmoja kutoka Mamba, huko Mpimbwe, anaitwa Fidelis. Anaoa Jumamosi, anataka keki ya ghorofa tatu kama aliyoiona mjini. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alinisihi niende kuoka hukohuko kwao, maana keki ya ghorofa tatu kutoka Mpanda ingefika Mamba ikiwa ugali. Hapo alisema kweli.

Nikapanda lori. Mayai niliyafukia kwenye ndoo ya pumba za mpunga, kila yai peke yake, na ndoo nikaipakata kama mtoto mchanga. Tulipovuka mbugani viboko walikuwa wamelala kwenye tope wamebanana, na dereva akapunguza mwendo ili abiria waone. Nikamwambia, "Baba, viboko nimewaona. Kimbiza mayai." Tulifika na yamevunjika mawili tu, jambo ambalo mpaka leo najivunia kuliko keki nyingi.

Nyumbani kwa kina Fidelis nilipokewa na shangazi yake, dada wa baba yake, anaitwa Oresta. Yeye anaishi Kasansa, alikuja kusimamia harusi. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyekaa. Baba Fidelis mwenyewe alikuwa mzee mpole aliyeshinda nje akisuka kamba, anaitikia salamu kisha ananyamaza. Binti wa pekee wa nyumba ile alikuwa ameolewa Sumbawanga, na alitegemewa kufika siku yenyewe ya harusi.

Mimi nilikuja na sufuria yangu kubwa, mchanga chini, makaa juu na chini, kama tulivyozoea wote. Shangazi Oresta akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Keki ya mtoto wa marehemu itatoka kwenye tanuri la marehemu."

Akanipeleka nyuma. Pale kulikuwa na jiko la udongo lililojengwa kuegemea kichuguu kikubwa. Marehemu alikuwa amekichimba kichuguu kile kutokea ndani ya jiko, akakitoboa kikawa tanuri, akazikandika vizuri kuta zake. Ni ufundi mzuri, udongo wa kichuguu unashika joto kuliko tofali. Kwenye mdomo wa tanuri, upande wa kulia, kulikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano vimezama kwenye udongo, vimekauka humo. Alikishindilia marehemu mwenyewe siku alipomaliza kukandika.

"Halijawashwa tangu tumzike," Shangazi akasema. Yeye alibaki mlangoni, hakuingia.

Nililifagia. Nikaingiza kichwa na bega kutoa majivu ya zamani, na ndani mle, jamani, palikuwa na uvuguvugu. Si joto la jua, maana jiko lilikuwa kivulini. Uvuguvugu wa kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Nikanusa iliki. Nikajiambia ni iliki ya zamani imeingia kwenye udongo, maana niliambiwa marehemu alikuwa anauza maandazi. Nikawasha moto, nikawa na shughuli zangu, nikasahau.

Nilioka ile ya chini kwanza, iliyo kubwa, Alhamisi kabla ya chakula cha mchana. Siagi na sukari nimevipiga kwa mwiko mpaka vimekuwa vyeupe, mayai moja moja, unga nimeuchekecha, ganda la limau juu. Tanuri limeshika, kuta zimekuwa nyeupe, nimetoa makaa, nimesali mpaka saa ya kufa kwetu. Nikaingiza keki, nikaegesha bati la mlango, nikakaa kwenye kigoda. Nje palikuwa kimya kabisa, wote wamekimbia jua. Hata kuku walikuwa wamelala chini ya ghala.

Nikasikia ngo, ngo, ngo.

Ni kugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayejua kwamba upo. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Ikaja tena, na safari hii masikio yangu hayakuweza kunidanganya. Ilitoka ndani ya tanuri, kule nyuma, kwenye ukuta wa kichuguu.

Nikakumbuka amri ya Bibi Agripina. Nikafunga mdomo. Lakini mikono haikufunga kitu, ikaenda yenyewe, ikatoa lile bati nione kilichomo. Hakukuwa na kitu zaidi ya keki yangu inayoumuka vizuri. Mbele ya macho yangu, upepo wa nje ulipoingia, katikati pakabonyea, pakashuka, keki ikawa sahani ya supu. Nyie mnajua, keki changa haifunguliwi mlango. Mimi nilijua kabla hamjazaliwa, na bado nilifungua.

Nilimwambia Shangazi joto lilinikwepa. Alasiri nikaanza upya. Kukaza moyo nikakaza, nikaligeuzia tanuri mgongo pale kigodani ili nisitamani kufungua. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo, kwa nguvu kidogo, na sasa palikuwa na kitu ndani ya sauti ile, kama mtu anayeanza kuudhika. Sikuitikia. Kisha zikaja ngumi mbili nzito mpaka vumbi likamwagika kutoka darini, nami bila kujua nikajikuta nimeshika bati mkononi na keki ya pili imelala chali.

Shangazi Oresta alikuja, akazitazama zote mbili zilivyokaa juu ya meza, zimebonyea mahali pamoja. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

"Marehemu amekataa," akasema. "Hamtaki huyu binti. Tutaahirisha mpaka tumfanyie sala ya mwaka."

Niwaeleze uzito wa neno hilo. Bibi harusi alikuwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wamepiga kambi pembeni ya Kasansa. Malisho yalikuwa yamekwisha. Baba yake alikuwa anasubiri harusi tu ndipo ahame na mifugo kwenda kusini, na alishasema wazi kwamba binti yake hamwachi nyuma bila ndoa. Kuahirisha maana yake Kabula anaondoka na ng'ombe, na Fidelis hamwoni tena. Fidelis aliposikia alikaa chini palepale uani, mwanamume mzima, akaficha uso kwenye magoti.

Nikamwomba Shangazi anipe Ijumaa asubuhi, mara moja tu. Akasema, "Mara moja. Na ikilala, nitakwenda mwenyewe kwa baba yake."

Habari mbaya ina miguu. Ijumaa, jua limeshachomoza vizuri, akaingia jikoni msichana mwembamba, amejifunga khanga kiunoni, kichwani ana kikapu. Ndani ya kikapu mayai ya kienyeji, na chini yake vipande vya mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Bibi harusi haingii kwa wakwe kabla ya siku, kila mtu anajua. Yeye alipita nyuma ya ghala.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Kabula."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimesikia jiko limenikataa. Nikasema nije nilisikie mwenyewe."

Nikampenda hapohapo. Mavi ya ng'ombe sikuyapenda, nikamwambia keki haiokwi kwa mbolea. Akacheka.

"Kwetu ndiyo kuni, mama. Huko tulikotoka miti imekwisha. Hayana haraka, yakishika yanakaa."

Mwenyewe akawasha. Alipopiga magoti mbele ya tanuri alikiona kile kiganja cha udongo, akakitazama, akaweka chake juu yake. Hakikutosha, mkono wake ulikuwa mdogo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsalimia jirani, "Mayu, nimekuja." Mayu kwao ni mama.

Kuni zilipokwisha tukafagia, akapanga makaa ya yale mavi huku na huku karibu na mdomo. Nikasali na mkono wangu. Joto lilikuwa limetulia ajabu, halipandi halishuki. Tukaingiza keki. Mayai yaliyokuwa yamebaki, yangu na yake, yote yalikuwa mle. Keki hii ikilala, hapakuwa na mayai ya kujaribu tena.

Tukakaa. Sikumwambia neno juu ya kugonga, niliogopa atakimbia. Nje nilimsikia Baba Fidelis anakohoa, anasuka kamba zake upande wa pili wa kichuguu.

Ngo, ngo, ngo.

Nikamshika mkono Kabula. Yeye akainua kichwa kuelekea tanuri, wala hakushtuka.

"Bado, Mayu," akajibu.

Kimya. Kimya kile kilikuwa tofauti na cha jana. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeambiwa, akaelewa.

"We mtoto," nikamnong'oneza, "hukufundishwa? Usiyemwona hajibiwi!"

"Sisi tulifundishwa mkubwa akibisha unamjibu. Utamwachaje anabisha tu? Ni mama wa nyumba."

Baada ya muda ikaja tena, ngo, ngo, ngo. "Bado kidogo, Mayu." Mikono yangu niliikalia. Naapa, niliikalia kama mtu anayekalia mikono ya mwizi. Jasho linanitoka, na ile harufu ya iliki imerudi, imejaa jiko zima, wakati mimi sikutia hata punje ya iliki.

Mara ya mwisho ilikuja nyepesi, kidole kimoja. Kabula akanitazama. "Anasema tayari."

Nilitaka kupinga. Pua yangu ilikuwa bado haijaniambia, na pua hii ilikuwa imenilisha. Lakini nikatoa bati. Keki ilikuwa imesimama, imejaa, imechanuka juu rangi ya asali. Nikachoma kwa njiti ya ufagio, ikatoka kavu. Dakika moja zaidi ingeanza kukauka. Kabula akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, anacheka, "Asante, Mayu, asante," na mimi pia nililia, siwafichi.

Shangazi Oresta alipoitwa aliizunguka ile keki kama anayenunua ng'ombe. Kisha akamwona Kabula jikoni na akafungua mdomo kugomba. Baba Fidelis akatokea mlangoni. Sikuwahi kumwona karibu na jiko lile.

"Oresta, mwache," akasema. Akamgeukia Kabula. "Binti yangu, nani kakufundisha kumjibu?"

Sisi hatukumwambia yeyote.

Mzee akaeleza, anatafuta maneno. Mke wake miaka ya mwisho miguu ilikataa, hakuweza kuinama tanurini. Binti yao ndiye aliyeoka. Mama akawa anakaa nje upande wa pili, mgongo kwenye kichuguu, na kwa kuwa hakuweza kuona keki alikuwa anagonga ukuta kuuliza. Binti anajibu, "Bado, Mama," basi anatulia. Asipojibiwa anapiga ngumi, maana alidhani ameachwa peke yake.

"Jana mligongewa mchana kutwa," Baba Fidelis akasema. "Nilikuwa nasikia. Nikangoja mtu amjibu."

"Sasa mbona hukutuambia, kaka?" Shangazi akauliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Nikadhani nasikia peke yangu."

Harusi ilikuwa Jumamosi, na ghorofa mbili zilizobaki tulizioka Ijumaa hiyohiyo kwa mayai aliyokwenda kuyaomba Shangazi mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kipande cha kwanza Kabula alikipeleka nyuma ya kichuguu, akakiacha pale. Shangazi aliona, akageuza uso, akapiga kigelegele.

Miaka ya baadaye nilimhadithia fundi ujenzi mmoja, akanicheka. Akasema kichuguu hicho kilikuwa hai, mchwa wakishtuka hugonga vichwa vyao, na uvuguvugu ni pumzi yao. Inawezekana. Ni mtu mwenye akili. Na yale makaa ya mavi yalitusaidia, hilo silikatai, tangu hapo nimeyatumia mara nyingi nikiyapata. Ila mchwa sijawahi kuwasikia wakitulia kwa kuambiwa bado.

Basi, nyie mnaonisikiliza, ya Bibi Agripina nimewapa na ya Kabula nimewapa. Onjeni makopo ya watu. Msifungue mlango keki ikiwa changa. Na kwenye jiko la watu, anayebisha mjibuni, hata kama hamumwoni.

Mimi nimeshaacha kazi. Mkwe wangu ndiye anayeoka sasa, na tanuri lake la umeme ndani ya nyumba. Magoti yamenikataa, nakaa barazani, ukuta wa jiko uko nyuma yangu. Siku moja nikasikia ngo, ngo, ngo, nikashtuka, kisha nikaona ni mkono wangu. Mkwe akaitikia kutoka ndani, "Bado, Mama." Hajui habari hii, hajawahi kufika Mamba. Nikatulia, nikaendelea kuchambua mchele wangu.

Juzi alikuwa ametoka kwenda sokoni na mimi sikujua. Nikagonga. Nikasubiri, nikagonga tena. Nyumba ilikuwa kimya. Nikawa nimekaa pale na ungo mapajani, na kabla sijatambua, ngumi ilikuwa imeshakunjika.